Kuuza nyumba ya mzazi ili alipiwe matunzo: mwongozo kamili, kuanzia hesabu ya kwanza mpaka hela ikae akaunti

Kama unasoma hii nadhani ile miezi ya kupokezana zamu mmeshaipita, huyu analala kwa mama wikiendi, yule anaomba ruhusa kazini kila mara, na sasa mmekubali kwamba mzee anahitaji mtu wa kumhudumia mchana na usiku na huyo mtu lazima alipwe kila mwezi bila kukosa. Hela haipo, nyumba ipo. Sisi tulipita huko na mama yetu baada ya kiharusi, mengine tulifanya vizuri mengine vibaya, na kilichotuumiza zaidi sio bei wala dalali, ni mpangilio, tulitafuta mteja kabla hatujaiangalia hati. Kwa hiyo naandika kwa mpangilio ambao ungetuokoa.

Ila kwanza tukubaliane kitu kimoja. Hiyo nyumba ni ya mzazi. Sio urithi wenu unaosubiri kugawanywa, mzazi yuko hai na mali ni yake, na hela ikipatikana ni yake pia mpaka senti ya mwisho. Mkilishika hili tangu mwanzo, nusu ya ugomvi hautatokea.

Hatua ya 1: Jueni mnalipia nini hasa

Msiseme tu "anahitaji nesi". Chukueni daftari, kwa wiki moja nzima andikeni kila kitu anachosaidiwa na saa yake: kunyanyuliwa kitandani, kupelekwa chooni, kuogeshwa, kulishwa, dawa, kubadilishwa nguo usiku. Sisi daftari letu ndio lilitufungua macho, kwa sababu mama alikuwa hawezi kujigeuza mwenyewe na mtu wa hivyo kwa kawaida anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa 2 hivi ili asipate vidonda vya kulalia, sasa hesabu mwenyewe hiyo ni mara ngapi kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, halafu jiulize nani kati yenu anaweza kufanya hivyo na asubuhi aende kazini.

Daftari hilo pia linawasaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna uuguzi, yaani kidonda kusafishwa, mpira wa mkojo, sindano, mazoezi ya viungo, na kuna matunzo ya kila siku, yaani kuoga, kula, kugeuzwa. Bima na mipango mingi ya serikali inalipa hicho cha kwanza na tena kwa muda, hicho cha pili wanawaachia nyinyi. Marekani kwa mfano watu wengi wanadhani Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, italipia nyumba ya wazee, kumbe inalipia makao ya uuguzi mwisho siku 100 kwa kipindi kimoja cha ugonjwa, na kuanzia siku ya 21 mgonjwa anachangia, matunzo ya muda mrefu ya kula na kuoga haimo kabisa. Popote mlipo ulizeni kwa maandishi: mnalipa nini, kwa siku ngapi, na nini hamlipi.

Muulizeni na daktari wake swali ambalo watu wanaliogopa, kwamba hali hii inaelekea wapi. Hamtafuti tarehe ya kifo. Mnataka kujua kama mwaka kesho atahitaji zaidi ya anachohitaji leo, kwa sababu bei mnayoipanga lazima ibebe hilo.

Hatua ya 2: Hesabu ya miaka, sio ya mwezi

Hapa ndio familia nyingi zinaanguka. Chukulia gharama ya matunzo ni 100 kwa mwezi, kwa hela yoyote mnayotumia, na pensheni ya mzazi ni 35. Pengo ni 65. Mtu atachukua kalamu haraka, 65 mara miezi 60, ni 3,900, basi nyumba ikiuzwa 4,200 tuko salama kwa miaka mitano. Hapana. Mishahara ya walezi inapanda, ada za makao ya wazee zinapanda, pensheni mara nyingi inasimama palepale. Weka gharama ipande asilimia 10 kila mwaka na pensheni isipande, pengo la mwaka wa kwanza ni 780, wa pili 900, wa tatu 1,032, wa nne 1,177, wa tano 1,337. Jumla ni 5,226. Ile 4,200 inaisha mwezi wa tatu tu wa mwaka wa tano, mzazi akiwa amedhoofika zaidi na nyumba ya kuuza hakuna tena.

Kwenye bei ya nyumba toeni kwanza kamisheni ya dalali, ada ya wakili, kodi, madeni yaliyopo na gharama za kuhama. Kinachobaki ndicho mnachokigawa kwa mapengo. Kama hakifiki hata miaka mitatu, kaeni chini muangalie makao ya bei nafuu zaidi au walezi wa zamu ya usiku tu, mkaangalie sasa hivi wakati bado mna cha kuchagua.

Hatua ya 3: Je, kuuza ndio njia?

Siyo lazima. Kama kodi ya pango inaweza kuziba lile pengo la 65, kupangisha kunamwachia mzazi nyumba yake, ila msihesabu miezi 12, hesabuni 10, kwa sababu wapangaji wanahama na bomba linapasuka, na lazima mmoja wenu awe mtu wa kusimamia. Kukopa kwa dhamana ya nyumba mimi siupendi kwa hali hii, riba inakula kimya kimya na mwenye deni hana kipato cha kurudisha, labda kama ni mkopo wa miezi michache mkisubiri mauzo yakamilike.

Swali kubwa zaidi ni nani mwingine anaishi humo. Kama baba anaingia kwenye makao na mama bado anapika jikoni kwake, msiuze kwanza, nendeni mkaulize sheria. Uingereza kwa mfano, kule England, halmashauri ikipima uwezo wa kujilipia wa mtu anayeingia kwenye makao haihesabu nyumba kama mwenzi wake bado anaishi humo, au ndugu aliyefikisha miaka 60, na hata akiwa aliishi peke yake wiki 12 za mwanzo za makao ya kudumu nyumba haiguswi, na baada ya hapo anaweza kuomba malipo yasubiri mpaka nyumba iuzwe baadaye. Kuna watu wanauza kwa presha wakati sheria ingewapa nafasi ya kupumua.

Hatua ya 4: Akili na sahihi, hili lifanyike MAPEMA

Nikisema msome hatua moja tu, someni hii.

Mtu anayeweza kuuza nyumba ni mwenye nyumba, akiwa na akili timamu ya kuelewa anachofanya, au mtu ambaye yeye mwenyewe alimpa mamlaka kwa maandishi akiwa na akili hiyo. Hiyo ndio hati ya uwakilishi, wengine wanaiita hati ya uwakala. Ukichelewa, akishapoteza uwezo wa kuelewa, hawezi tena kukupa hiyo hati, hata kama wewe ndio mtoto wa kwanza na umemuuguza miaka kumi. Hapo inabaki mahakama iteue msimamizi wa mali zake, na huko ni miezi, ada, ripoti za madaktari na mara nyingi taarifa ya hesabu kila mwaka.

Kuna mtego mwingine ndani yake. Sehemu nyingi hati ya kawaida inakufa pale aliyeitoa anapopoteza akili, yaani inaisha nguvu wakati ule ule mnaoihitaji. Kwa hiyo muulizeni wakili wazi: hii itaendelea kufanya kazi mama akisahau? Marekani kuna aina ya kudumu inayoendelea, Uingereza tangu 2007 kuna aina yake maalum ambayo lazima isajiliwe kwanza na usajili unachukua wiki nyingi. Na hakikisheni imetaja kuuza nyumba kwa maneno, ikieleza ni nyumba ipi, kwa sababu maneno ya jumla kama "kusimamia mambo yangu" msajili wa ardhi anaweza kuyakataa.

Kuugua kiharusi sio kupoteza akili. Ugonjwa wa kusahau wa hatua ya mwanzo nao haumaanishi hawezi kuamua. Sheria ya Uingereza ya 2005 inaangalia mambo manne ambayo mimi nayaona ni kipimo kizuri kwa familia yoyote: anaelewa anachoambiwa, anakishika kichwani muda wa kutosha kuamua, anaweza kupima faida na hasara, na anaweza kufikisha uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kubana mkono. Chagueni saa yake nzuri. Mama yetu asubuhi alikuwa mtu mwingine kabisa, ikifika jioni anachanganya majina, basi tulimpeleka kwa wakili saa 3 asubuhi, baada ya barua ya daktari iliyoandikwa wiki hiyo hiyo.

Wakili alituomba sisi wote tutoke nje. Mlango ulikuwa haufungi vizuri kwa hiyo tulisikia. Akamuuliza, "Mama, leo umekuja kufanya nini?" Kimya kirefu, maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, halafu akasema, "Nauza nyumba yangu nipate wa kunigeuza usiku." Wakili akayaandika vile vile. Miezi baadaye ndugu mmoja wa ukoo alipoanza kusema mama alilaghaiwa, karatasi ile ndio iliyomaliza maneno. Kwa hiyo mwacheni mzazi aongee na wakili peke yake, na kama sahihi ni dole gumba, awepo shahidi asiyepata kitu chochote kwenye mauzo.

Hatua ya 5: Fungueni hati kabla hamjamwambia mteja yeyote

Sisi tulishapata mnunuzi, bei nzuri, mtu ana hela mkononi. Ndipo dada yetu mkubwa akalitoa lile bahasha la kaki chini ya kabati tukasoma jina kwenye hati: baba. Baba alikuwa ameshafariki miaka 11 iliyopita na hakuna aliyefungua mirathi kwa sababu mama aliendelea kuishi humo na hakuna aliyemsumbua. Mnunuzi alitusubiri miezi miwili akaondoka, simlaumu. Mirathi, usimamizi, kubadilisha jina, vyote tulivifanya huku mama analala kitandani na tunakopa kumlipa mlezi.

Mkaangalie haya, na mkayaangalie ofisini kwa msajili, sio kwenye kopi ya nyumbani tu: jina liko la nani, yuko hai, limeandikwa sawa na kitambulisho chake (herufi moja inaweza kuwasimamisha), kuna rehani ya zamani iliyoshalipwa lakini haijafutwa, kuna zuio, kodi ya ardhi inadaiwa kiasi gani, mipaka ni ile ile au jirani ameshajenga ukuta. Kama hati ina majina mawili, wote wawili wanasaini. Na hata kama ina jina moja, mwenzi wa ndoa ana haki yake: Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, Kenya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo inataka ridhaa yake. Mkaruka hapo, mauzo yanaweza kuvunjwa na hela mmeshaanza kuitumia.

Hatua ya 6: Kikao cha ndugu

Kifanyike mzazi akiwepo, hata kama ni dakika 20 tu kisha apumzike. Wekeni daftari la hatua ya 1 na hesabu ya hatua ya 2 mezani, maana watu wanagombana kidogo wakiwa wanasoma namba kuliko wakiwa wanakumbushana ya zamani. Aliye mbali aingie kwa simu ya video, msimpe nafasi ya kusema hakuambiwa.

Kubalianeni: nani anashika hati ya uwakilishi, nani anakagua hesabu (asiwe yule yule), bei ya chini kabisa ni ipi, na vipi kuhusu ndugu anayeishi humo ndani na mzazi. Huyu wa mwisho anasahaulika sana. Mdogo wenu aliyeacha kazi akakaa na mama miaka sita, nyumba ikiuzwa yeye anaenda wapi? Kama mnataka kumlipa kwa kazi ya ulezi ni haki yake, ila iandikwe mkataba wa mshahara kuanzia leo kwenda mbele. Kumpa "kitu" kwa mkupuo baada ya mauzo kunaweza kuonekana ni zawadi, na zawadi ina matatizo yake, nayaeleza hapa chini. Andikeni muhtasari, wote wasaini, kila mtu apate kopi.

Hatua ya 7: Bei, na ndugu anayetaka kununua

Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, asiye na uhusiano na dalali. Mkiweza wawili. Ripoti ya uthamini inawalinda, hasa kama wewe unayeshika hati ya uwakilishi ndio unasaini mkataba, maana sheria inakutaka uuze kwa faida ya mzazi na sio kwa haraka yako.

Msimwambie mteja kwamba mnahitaji hela ya mgonjwa. Najua inatoka tu mdomoni, watu wanaongea kwa uchungu, lakini akishajua mnalipa matunzo kila mwezi atawasubirisha mpaka mshuke.

Ndugu akitaka kununua, sawa, alipe bei ya mthamini, kwa benki, na wakili wake awe tofauti na wa mzazi. Kumuuzia kwa bei ya kutupa, au kuandikisha nyumba kwa jina la mtoto "ili serikali isiione", kunaweza kumnyima mzazi msaada kabisa. Marekani kwenye majimbo mengi Medicaid, msaada wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo, inakagua miezi 60 nyuma, ikikuta mali imetolewa bure au chini ya bei inamhesabia mzazi kipindi cha kutolipiwa. Uingereza hakuna hata ukomo wa miaka, wakiona lengo lilikuwa kukwepa kulipia matunzo wanamhesabia kana kwamba nyumba bado anayo. Anayeumia hapo ni mzee kitandani.

Hatua ya 8: Mkataba na kuhama

Mkataba useme malipo ya awali ni kiasi gani, yanarudi au hayarudi mnunuzi akighairi, salio linalipwa lini, na mzazi anakaa humo mpaka lini. Hiyo tarehe ya mwisho ipiganieni. Ombeni angalau siku 60 baada ya salio kuingia, kwa sababu nafasi kwenye makao mazuri haipatikani siku unayotaka, na kumhamisha mgonjwa mara mbili, kwanza kwa mtoto halafu makao, kunamvuruga sana hasa mwenye ugonjwa wa kusahau. Salio lipite benki, kwenye akaunti ya mzazi au akaunti maalum ambayo wakili anatunzia hela za wateja wake, kamwe lisipite kwenye simu ya mtu. Ufunguo na hati asili vinatoka baada ya benki kuthibitisha.

Vitu vya ndani apange mzazi. Sisi tulimuonyesha mama kimoja kimoja, anatikisa kichwa au anafumba macho kukubali. Aliomba godoro lake la zamani, makao walikataa kwa sababu ya usafi, basi tukachukua mto na shuka zake, na wiki ya kwanza hizo ndizo alizolalia.

Hatua ya 9: Kodi

Fupi: ulizeni kabla ya kuuza. Nchi nyingi zinatoza kodi kwenye faida ya mauzo na nyingi zinapunguza au kusamehe kwa nyumba ya kuishi, ila msamaha una masharti ya muda. Marekani mtu mmoja anasamehewa faida mpaka dola 250,000 kama aliishi humo miaka 2 kati ya 5 ya mwisho, na asiyeweza kujihudumia sharti linalegezwa, mwaka 1 wa kuishi humo unatosha na muda aliokaa kwenye makao yenye leseni unahesabiwa kukamilisha. Mkikaa na nyumba tupu miaka mingi mkibishana, msamaha kama huo unaweza kupotea. Tunzeni risiti za ujenzi na ukarabati, mara nyingi zinapunguza faida inayotozwa.

Hatua ya 10: Hela ikishaingia

Akaunti iwe kwa jina la mzazi, peke yake, isichanganywe na hela ya mtoto hata siku moja. Igaweni mafungu matatu: ya miezi 6 ikae mahali pa kutoa muda wowote, ya miaka miwili inayofuata kwenye amana za muda (hela mnayoifungia benki kwa muda maalum) zinazoiva kwa kupishana, iliyobaki mahali salama penye riba. Hii hela haina muda wa kungoja hasara irudi, kwa hiyo mtu akiwaletea dili la biashara ya miezi mitatu, au ndugu akiomba mkopo "wa wiki mbili", jibu ni hapana na lilishaandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Daftari la matumizi liendelee. Tarehe, kiasi, nani kalipwa, risiti nyuma yake. Kila mwisho wa mwezi piga picha ukurasa, tuma kwenye grupu la familia, hata kama hakuna aliyeuliza. Kila miezi 6 rudieni hesabu ya hatua ya 2 kwa bei mpya, na ikionyesha imebaki miezi 18, hapo ndio muda wa kuanza kutafuta msaada mwingine, maana maombi nayo yana foleni.

Mawili ya mwisho ambayo wakili wetu alituambia tukiwa tunafunga faili. Kama mzazi aliandika wosia akasema nyumba apewe fulani, nyumba ikishauzwa mara nyingi huyo fulani hapati kitu, hela haihami yenyewe kuchukua nafasi ya nyumba, kwa hiyo mzazi aulizwe kama anataka kuandika upya akili ikiwa bado iko sawa. Na hati ya uwakilishi inaisha siku mzazi anapofariki, saa ile ile, ukitoa hela benki kesho yake kwa hati hiyo unavunja sheria hata kama ni ya jeneza. Muulizeni mapema yeye mwenyewe anataka azikwe wapi na vipi, na gharama hiyo ilipiwe au itengwe kihalali akiwa hai. Mama alitujibu siku hiyo hiyo, alikuwa ameshafikiria zamani, sisi ndio tulikuwa hatujauliza.